Daktari aingie kasho kabla ya saa 48

Kongo haina uhaba wa sheria dhidi ya mateso. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 16, inakataza kumtendea mtu yeyote ukatili au kumdhalilisha, na kifungu cha 61 kinaongeza kwamba katazo hilo haliondolewi hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 imefanya mateso kuwa kosa la jinai: kifungo cha miaka 5 hadi 10, na cha maisha pale mteswa anapokufa. Hata hivyo, mtu aliyewahi kumpelekea ndugu yake chakula kasho, yaani mahabusu, hapa Kisangani hahitaji kusomewa vifungu ili aelewe kwa nini familia hukosa usingizi usiku ule wa kwanza.

Usiku wa kwanza ndio wenye hatari. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 18, inaruhusu mshukiwa ashikiliwe kwa muda usiozidi saa 48, kisha aachiwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria. Mlangoni huvuliwa mkanda, kamba za viatu na simu. Sahani ya fufu iliyoletwa na mama yake huishia mezani kwa mlinzi. Ofisa wa upelelezi hana maabara wala mafuta ya pikipiki ya kumfuata shahidi. Alicho nacho ni mshukiwa mmoja na haja ya kufunga faili. Kitu pekee anachoweza kukigusa ni mwili wa huyo mtu. Anayepigwa kwenye nyayo huvimba miguu, kisha uvimbe hushuka baada ya siku chache. Akifika mbele ya mwendesha mashtaka amevaa viatu vyake, kinachobaki ni neno lake dhidi ya neno la aliyevaa sare, na sote tunajua mzani huo unaegemea wapi. Sheria ya 2011 inakwama hapo, kwa sababu hakuna aliyeandika kitu wakati alama zikiwa bado mbichi.

Mji huu unajua gharama ya ushahidi usioandikwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitamka kwamba jeshi la Uganda liliua na kutesa raia wa Kongo, na vita vya siku sita vya Juni 2000, baina ya majeshi ya Uganda na Rwanda katikati ya mitaa yetu, vilikuwa sehemu ya kesi hiyo. Ilipofika hukumu ya fidia, tarehe 9 Februari 2022, Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Majaji wakatoa dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 zikawa kwa madhara yaliyowapata watu. Walieleza kwamba ushahidi waliopewa haukutosha kuthibitisha idadi ya waathirika kwa uhakika. Ndiyo maana kazi ya mashirika ya haki za binadamu kama Groupe Lotus, lililozaliwa hapahapa Kisangani, ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya utawala wa waasi wa RCD-Goma, wanaharakati wa mji huu walikusanya majina na tarehe huku wenyewe wakisakwa. Nakubali kwamba karatasi peke yake haifungi mtu. Baada ya mauaji ya Mei 2002, ambapo maiti zilitupwa kutoka daraja la Tshopo, Human Rights Watch ilitaja makamanda wa waasi hao kwa majina, na mmoja wao, Gabriel Amisi, alipanda cheo hadi jenerali. Lakini bila kumbukumbu zile hata lawama isingekuwa na anwani.

Wapo wanaosema mashirika haya yanatetea majambazi. Hasira yao ina msingi: anayeporwa usiku hana muda wa kusikiliza habari za mikataba. Ila mtu anayepigwa hutaja jina lolote ili kipigo kikome, na kila jina la uongo linampa mwizi halisi usiku mwingine wa kazi. Wengine husema hizo ni fikra za wazungu zinazolipiwa na wazungu. Fedha nyingi kweli hutoka nje, na ripoti nyingi huandikwa kwa Kifaransa cha wafadhili, kana kwamba familia ya mteswa haisomi Kiswahili wala Lingala. Hilo ni kosa la mashirika yenyewe, na yanapaswa kulirekebisha. Lakini kumtandika mtu aliyefungwa si mila yetu. Aliyeingiza mjeledi wa ngozi ya kiboko katika utawala wa nchi hii ni dola ya Leopold, na Wabelgiji waliomfuata wakaendelea kuutumia kihalali kwa miongo mingi.

Hoja ya mwisho, kwamba serikali ni maskini, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mnamo Septemba 2025 Mahakama ya Kasesheni ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa dola milioni 19 za kujenga gereza jipya Kisangani, fedha zilizotoka kwenye fidia ambayo Uganda ililipa kwa ajili ya waathirika. Yeye alikana. Hata kama gereza hilo lingesimama, kasho lisingekuwa salama zaidi. Tunachohitaji kinagharimu daftari na saa moja ya daktari: kila anayeingia aandikwe jina, saa na hali ya mwili wake, apimwe kabla ya saa 48 kwa kufuata Itifaki ya Istanbul, ambayo tangu 1999 inawaeleza madaktari namna ya kuzisoma alama za mateso, na nakala apewe wakili au familia. Waendesha mashtaka tayari wana wajibu wa kukagua makasho. Waende bila kutoa taarifa, usiku, na wawakilishi wa mashirika waruhusiwe kuingia nao. Bunge la mkoa wa Tshopo nalo limwite gavana alieleze makasho mangapi ya mji huu yana daftari hilo leo.