Michezo na Askari: Vijana wa West Point na Mpira Usiorushwa

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Agosti, joto likiwa bado kali kando ya mto Hudson, vijana wa Chuo cha Kijeshi cha Marekani huvua sare zao, wakaingia uwanjani wamevaa kofia ngumu na mabega ya bandia, ili kujifunza namna ya kuusogeza mpira yadi tatu tatu. Chuo hicho kipo West Point, katika jimbo la New York, nacho kilianzishwa mwaka 1802. Timu yake huitwa Army, yaani Jeshi. Swali linaloulizwa kila Agosti ni lile lile: msimu huu mashambulizi yataongozwa na nani, na kwa njia gani?

Mpira wenyewe si kandanda ijulikanayo kwetu. Una umbo la yai, nao hubebwa mikononi kama katika raga. Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kwenda mbele yadi 10. Ikifaulu huhesabiwa upya, ikishindwa mpira huwa wa wapinzani. Mwenye kuufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho huipatia timu yake pointi 6. Tofauti kubwa na raga ni kwamba mara moja katika kila jaribio mpira waweza kurushwa mbele, na siku hizi vyuo vingi huishi kwa kurusha. Kijana mwenye mkono mzuri, aitwaye kwotabeki, husimama nyuma akautupa mbali, na warefu wenye mbio wakaudaka. Watazamaji hulipenda sana jambo hilo. Army haikufuata mkondo huo, wala sababu yake si ukaidi.

Sababu ni watu. Kijana anayeingia West Point hutia ahadi ya kulitumikia jeshi miaka 5 katika utumishi kamili baada ya kuhitimu, na mingine 3 katika akiba. Anaamka alfajiri, anakagua viatu vyake, anahudhuria hisabati na uhandisi, ndipo aende mazoezini. Vyuo vya kiraia tangu mwaka 2021 vimewaruhusu wachezaji wao kupata fedha kwa kutumia majina yao katika matangazo. Mwanafunzi wa West Point, aliye mtumishi wa serikali, hana ruhusa hiyo. Vyuo vya kiraia huweza pia kuchukua mchezaji aliyekomaa kutoka chuo kingine na kumtia uwanjani msimu unaofuata. West Point, ajaye huanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka sekondari, na kunyolewa nywele. Basi ni nani mwenye akili timamu, mwenye mkono wa dhahabu na anayetafutwa na matajiri, atakayekuja huko? Wachache mno. Tena wale wanene wa safu ya mbele, ambao kwingineko hufikia uzito wa kutisha, hapa wanajua ya kuwa siku ya kupewa cheo lazima wawe wamepungua hadi kipimo cha jeshi.

Kwa hiyo kocha wa Army hana budi kutafuta ushindi kwa watu wembamba kuliko wapinzani wao, wasio na mbio za ajabu, lakini wenye utii na kumbukumbu. Jibu lililopatikana miaka mingi iliyopita ni mbinu ya chaguo tatu.

Mbinu hiyo ni rahisi kueleza, ngumu kutenda. Kwotabeki hupokea mpira na kuutia tumboni mwa fulubeki, anayekwenda mbio moja kwa moja katikati. (Jina la fulubeki lisimchanganye msomaji, kwa Waamerika huyu ni mshambuliaji, si beki wa nyuma.) Wakati mikono ya wawili hao ingali imeushika mpira pamoja, kwotabeki humtazama adui mmoja ambaye ameachwa makusudi bila kuzuiwa na mtu. Adui huyo akimrukia fulubeki, kwotabeki huuchomoa mpira na kukimbia pembeni. Akisimama kungoja, fulubeki huachiwa mpira apite. Huko pembeni yupo adui wa pili, naye pia hakuzuiwa. Akimjia kwotabeki, mpira hutupwa kando kwa mkimbiaji wa tatu anayekuja sambamba. Akimfuata mkimbiaji huyo, kwotabeki huendelea nao mwenyewe. Yote hayo huamuliwa kwa muda usiofika kufumba na kufumbua mara mbili.

Askari aliyewahi kufundishwa kuvizia ataelewa ladha yake. Adui mwenye nguvu kuliko wote hasukumwi hata kidogo; anaachwa huru achague, na kila achaguacho ni kosa. Hivyo watu wawili wa Army ambao wangetumika kumzuia hupatikana kwenda kuwazuia wengine. Mwembamba hapigani na mnene, bali humfanya mnene apige hewa.

Faida ya pili ni saa. Mchezo ni wa dakika 60, na mpira unapobebwa bila kutoka nje saa huendelea kwenda. Tarehe 22 Septemba 2018, Army ilikwenda kucheza na Oklahoma, timu yenye kwotabeki Kyler Murray, ambaye mwaka ule ule alipewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Army iliushika mpira kwa dakika 44 na sekunde 41. Murray alikaa benchi akitazama. Oklahoma ilishinda hatimaye kwa 28 kwa 21, lakini baada ya muda wa nyongeza, na wenyeji waliondoka uwanjani kama watu walioponea chupuchupu. Army ilimaliza msimu ule kwa kushinda 11 na kushindwa 2.

Mwenye kuyajenga haya ni Jeff Monken, aliyeanza kuifundisha Army msimu wa 2014. Alikuta timu iliyokuwa imefungwa na Navy, timu ya Chuo cha Wanamaji, kila mwaka tangu 2002. Aibu ya namna hiyo katika jeshi haielezeki. Afisa alihitimu, akaoa, akapanda cheo, akapata watoto, bila kuona siku moja ya furaha mwezi wa Desemba. Mnyororo ulikatika mwaka 2016, kwa 21 kwa 17.

Kisha silaha ikachukuliwa. Kuanzia msimu wa 2022 sheria za mchezo zilibadilishwa: kumzuia mtu kwa kumpiga chini ya kiuno kukakatazwa isipokuwa katika eneo dogo la katikati, karibu na mpira unapoanzia. Nia yake ilikuwa kulinda magoti, na hakuna mzazi atakayeilaumu. Lakini mtu mfupi humwangusha mrefu kwa kumwendea miguuni, na mbinu ya chaguo tatu ilitegemea sana kuangusha watu kwa namna hiyo huko pembeni. Hapo Monken akafanya jambo ambalo wengi wangelifanya: akaiacha kazi aliyoizoea. Msimu wa 2023 alileta mwalimu mpya wa mashambulizi, Drew Thatcher, na kwotabeki akarudishwa nyuma hatua kadhaa kama katika vyuo vingine, ili timu irushe zaidi.

Matokeo hayakupendeza. Army ilifungwa na Troy 19 kwa 0, na juma lililofuata ikafungwa na LSU 62 kwa 0. Vijana wale wale waliokuwa hodari wa kubeba walionekana kama wageni katika nyumba yao. Mwisho wa msimu walifaulu kuwashinda Air Force 23 kwa 3 na Navy 17 kwa 11, wakafunga hesabu kwa 6 kwa 6. Walakini ushindi huo haukuwa wa kurusha, bali wa walinzi imara, na mashambulizi nayo yalikuwa yamekwisha kurudi nyuma kuelekea desturi ya zamani.

Kocha mwenye cheo na mshahara mkubwa huona taabu kukiri kwamba alipotea njia. Monken alikiri. Kwa msimu wa 2024 alimweka Cody Worley kuongoza mashambulizi, na chaguo likarudishwa, si lile la zamani neno kwa neno, bali lililorekebishwa kuendana na sheria mpya. Badala ya kukimbilia pembeni sana, ambako kuangusha watu kumekatazwa, nguvu ilitiwa katikati, na mbebaji mkuu akawa kwotabeki mwenyewe, Bryson Daily wa Texas, mwenye mwili wa mpiga miereka. Nyuma ya kazi yake kulikuwa na watu watano wa safu ya mbele ambao majina yao hayakuimbwa. Mwisho wa msimu watu hao walipewa tuzo ya Joe Moore, ambayo hutolewa kwa safu bora ya mbele ya mashambulizi katika nchi nzima, na vyuo vyenye wanene wa kutisha vikabaki vinatazama.

Msimu ule Army ilipata kwa mbio kama yadi 300 katika kila mechi, ikawa ya kwanza nchini. Daily alifikisha mpira ng'ambo ya mstari mara 32 kwa miguu yake. Katika mechi na North Texas, mwezi wa Novemba, vijana walianzia karibu na mstari wao wenyewe, wakaenda yadi 94 kwa majaribio 21, nayo safari hiyo moja ikala karibu dakika 14. Mtazamaji mwenye haraka angelala usingizi. Mlinzi wa North Texas aliyekuwa akisimama, akaanguka, akasimama tena kwa muda huo wote, yeye hakuwa na nafasi ya kulala. Tarehe 6 Desemba 2024, Army iliifunga Tulane 35 kwa 14 katika uwanja wake wa Michie, ikatwaa ubingwa wa ligi yake, wa kwanza wa namna hiyo tangu mchezo huo uanze chuoni mwaka 1890.

Uwanja huo unaitwa kwa jina la Dennis Michie, mwanafunzi aliyeuleta mchezo huo West Point na kuongoza timu ya kwanza dhidi ya Navy. Navy ilishinda 24 kwa 0. Miaka 8 baadaye, mwaka 1898, Michie aliuawa vitani nchini Kuba.

Lakini mwaka 2024 ulionyesha pia mipaka ya mbinu hiyo. Notre Dame, timu iliyofika fainali ya taifa, iliifunga Army 49 kwa 14. Navy nayo ilishinda 31 kwa 13. Katika mechi zote mbili shida ilikuwa moja: Army ilitangulia kufungwa, saa ikageuka kuwa adui, na timu isiyozoea kurusha ikalazimika kurusha. Dhidi ya Navy mipira 3 ya Daily ilinaswa na wapinzani. Timu ya kubeba ni kama msafara wa miguu. Hufika, mradi usichelewe kuondoka. Hata hivyo ushindi dhidi ya Louisiana Tech, 27 kwa 6, ulikamilisha mechi 12 zilizoshinda, ambazo chuo hakikuwahi kuzipata katika msimu mmoja.

Baada ya sherehe kukaja hesabu. Daily alikuwa amemaliza masomo. Mkimbiaji Kanye Udoh, aliyepata zaidi ya yadi 1,000, alihamia Arizona State. Wengine walinung'unika, lakini kanuni ya chuo iko wazi: mwanafunzi aweza kuondoka bila deni kabla ya kuanza mwaka wa tatu, na Udoh alikuwa katika mwaka wa pili. Akibaki, ni ahadi ya miaka. Akienda, ni fedha na njia ya kucheza kwa kulipwa. Kijana wa umri ule kukabidhiwa uamuzi mzito hivyo si mchezo hata kidogo, na mzazi yeyote mwenye mwana jeshini anaweza kujiuliza angemshauri nini.

Pengo lilionekana siku ya kwanza ya msimu wa 2025, Army ilipofungwa nyumbani na Tarleton State, timu ya daraja la chini, 30 kwa 27 katika muda wa nyongeza. Juma lililofuata ikaenda Kansas State na kushinda 24 kwa 21, mpira ukiwa mikononi mwa Cale Hellums. Jambo hilo halina muujiza. Mbinu ya chaguo huhitaji mazoea ya mikono, fulubeki na kwotabeki wajuane gizani, na mazoea hayo hayapatikani kwa maneno ubaoni. Mwezi wa Desemba Navy ilishinda tena, 17 kwa 16. Pointi moja tu ndiyo ilizitenga timu mbili zinazojua siri zote za mwenziwe.

Basi anayetaka kupima mashambulizi ya Army kabla ya msimu wowote asianze na kwotabeki, ingawa magazeti huanza naye. Ahesabu kwanza ni wangapi wa safu ya mbele waliocheza mwaka uliopita na ambao bado hawajahitimu. Wakiwa watatu au wanne, mbebaji atapatikana. Wakiwa mmoja, hata Daily mwenyewe angerudi asingefika mbali. Kisha amtazame fulubeki katika mechi ya kwanza: akipata yadi 4 pasipo mtu kushangilia, walinzi wa upande wa pili wataanza kusogea katikati kumzuia, na hapo ndipo pembeni hufunguka.

Hesabu hiyo ya safu ya mbele huanza mapema kuliko Agosti. Mwezi wa Mei wa kila mwaka, wale wa mwaka wa nne huwa tayari wanapunguza chakula na kukimbia maili kwa maili, ili wapite kipimo na kupewa cheo cha luteni. Katika bwalo lile lile, kwenye meza za upande wa pili, wadogo zao watakaowarithi nafasi wanaamriwa wapakue sahani ya pili.