Raundi ya tano ya mahojiano, nani analipa?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa natafuta kazi huku nina kazi. Sasa nina hasira, kwa hiyo someni mkijua hivyo.

Kampuni moja ya Nairobi (jina naliacha) ilitangaza nafasi ya mwandishi wa programu, nami nikatuma wasifu. Raundi ya kwanza ilikuwa simu ya nusu saa. Ya pili, mtihani wa mtandaoni wa dakika 90. Ya tatu, "kazi ndogo ya nyumbani": tengeneza mfumo mzima wa kupokea malipo, pamoja na majaribio yake. Kazi ndogo hiyo ilikula Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu niliyoiombea likizo. Ya nne, njoo ofisini uonane na wenzako. Ya tano, njoo tena, maana siku ile mkurugenzi hakuwepo.

Mtu wa Nairobi ataniambia hilo si neno. Saa saba unaaga kama unaenda kula, unavuka barabara, unahojiwa, unarudi. Mimi niko Isiolo. Kutoka hapa hadi Nairobi, kupitia Nanyuki, ni kilomita 280 hivi. Mahojiano ya saa tatu asubuhi maana yake unashuka siku iliyotangulia, unalala kwa binamu, unarudi kesho yake usiku umevunjika kiuno. Siku mbili kwa maswali ya saa moja. Basi nililopanda lilikuwa limepakia mitungi ya maziwa ya ngamia inayopelekwa Eastleigh. Mwenye maziwa angalau anajua bei. Mimi nilipouliza mshahara niliambiwa hilo tutalizungumza raundi ya mwisho.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Mimi nilikuwa nimebakiwa na tatu, na nilikuwa nimeziweka za kumpeleka mama kliniki Meru. Zote zilikwenda kwa watu ambao hawajanilipa hata senti. Mama alipelekwa na jirani.

Raundi ya tano ikanikuta sina siku. Na mji huu ni mdogo: ukionekana stendi alfajiri umevaa tai, kabla ya adhuhuri Bulla Pesa nzima inajua unahama kazi. Nikaficha tai chini kabisa ya begi, nikamwambia bosi nimefiwa na mjomba Timau. Sina mjomba Timau.

Watetezi wa raundi nyingi husema kumwajiri mtu asiyefaa ni gharama. Kweli. Lakini Google, waliosifika kwa kumhoji mtu hadi achoke, walichunguza takwimu zao wenyewe wakaona mahojiano manne yanatosha kuamua kwa uhakika wa asilimia 86, na kila moja la ziada linaongeza kidogo mno. Laszlo Bock, aliyesimamia idara ya wafanyakazi huko, alilieleza hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 2015. Na mahojiano manne yanaweza kufanywa siku moja, mahali pamoja, kwa nauli moja.

Niseme ukweli, nami nimewahi kukaa upande wa pili wa meza. Tulimwita kijana mara ya nne kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa hatujaelewana tunatafuta mtu wa kufanya nini. Swali jipya la kumuuliza hatukuwa nalo. Uvivu wetu wa kuamua tulimtumia yeye kama bili.

Halafu kuna vyeti. Kabla hata ya raundi ya tatu walitaka cheti cha maadili mema, cha kodi na cha HELB. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamkataza mwajiri kudai vyeti vya namna hiyo kama bado hana nia ya kukupa mkataba. Nilivipeleka tu. Nani anabishana na sheria akiwa mkono umenyooshwa?

Na mkurugenzi, nilipomwona hatimaye, aliuliza: "Unaweza kuanza Jumatatu?" Nikamwambia nalipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya siku 28 kwa maandishi. Akakunja uso kama nimemtukana. Mtu anayetaka nimtoroke mwajiri wangu wa leo anategemea nimfanyie nini yeye kesho?

Waajiri mnaosoma hapa: andikeni kwenye tangazo mshahara na idadi ya raundi. Anayetoka mbali mhojini kwa video, au mlipieni nauli. Kazi ya siku tatu ilipwe.

Wiki ya tatu sasa, sijajibiwa ndiyo wala hapana. Bosi wangu aliponirudisha kazini alinipa bahasha ya rambirambi, shilingi elfu mbili, wenzangu walichanga. Iko kwenye droo na sijaifungua tena.