Mambo Matatu na Sababu Zake

Ndugu msomaji, hujambo? Najua umejibu "sijambo" kabla hata ya kufikiri. Ndivyo tulivyolelewa: mtu ana homa, kodi ya nyumba imemshinda, bado atasema sijambo.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumficha, naye ni mama yangu aliyeko Tanga. Kila Jumapili nilikuwa nikimpigia simu, na baada ya shikamoo namwagia yote: baridi ya hapa Leicester, zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, bili ya gesi, na jamaa wanaodhani huku hela zinaokotwa njiani.

Jumapili moja akanikatiza. "Mwanangu, ukishakata simu mimi silali, presha inapanda. Kwani huko hakuna hata jema moja?"

Nilitafuta hilo jema moja, nikakosa la kusema. Na wanangu wawili, wazima kabisa, walikuwa mbele yangu wanakula maandazi.

Usiku ule nilichukua daftari la shule la binti yangu lililobaki kurasa chache, nikaanza kuandika mambo matatu mema kila siku kabla ya kulala. Zoezi hili si langu. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao ndani yake kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo waliyoyashukuru, na kundi jingine likaandika kero zao. Walioandika shukrani waliridhika zaidi na maisha yao, na hata malalamiko yao ya kiafya yalikuwa machache. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake wakajaribu hili la mambo matatu kila usiku, pamoja na sababu ya kila moja. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida ipo, ila ni ndogo. Kwa hiyo sikudanganyi kuwa ni dawa ya sonona. Mwenye sonona amwone daktari.

Wiki ya kwanza niliandika kama mtoto anayefanya adhabu. "Watoto wazima. Chai. Basi limekuja." Kesho yake yale yale. Nilikuwa nimeruka sehemu ya sababu. Nilipoanza kuiandika, mambo yakabadilika. "Nimewahi kazini. Sababu: dereva aliniona nakimbia, akasubiri." "Nimelala saa tano mfululizo. Sababu: jirani aliwapeleka watoto shule." Karibu kila sababu ilikuwa na mtu ndani yake, na wengi wao sikuwa nimewaambia hata asante. Nikaanza kuwaambia. Jirani yangu tunaishi ukuta kwa ukuta mwaka wa tatu sasa, na ndiyo kwanza nimempelekea sahani ya pilau.

Nilikosea pahali pamoja, nawe usikosee. Mshahara wangu ulipungua saa 14 nilizofanya kazi. Nikajiambia, nyamaza, shukuru una kazi, wangapi wanaitafuta. Nilinyamaza miezi miwili. Daftari linasema mema, moyo unachemka. Mwisho mwenzangu wa zamu akaniuliza, "Sasa hiyo shukrani ni ya nini, ya kukuziba mdomo?" Nikaandika barua, nikaambatanisha tarehe na saa zangu. Nililipwa. Usiku ule niliandika: "Nimelipwa saa zangu 14. Sababu: nilidai, na mwenzangu alinisukuma." Kushukuru ulichonacho hakukuzuii kudai kilicho chako.

Na mama? Jumapili iliyofuata ile ya daftari nilianza kwa kumuuliza yeye. "Mama, wiki hii nini kimekufurahisha?" Akacheka kwanza, hakuzoea. Kisha akaniambia mtoto wa jirani alimletea changu wawili, akawapika kwa nazi, akala na shangazi yangu barazani. Miaka yote hiyo nampigia, sikuwahi kujua Jumapili zake zinapitaje. Nilikuwa nikimpa mizigo yangu tu.

Bado namlalamikia baridi, maana baridi ya hapa haina aibu. Ila siku hizi simu zetu ni ndefu, na shangazi ananiambia mama analala.

Usiku wa leo chukua karatasi, hata bahasha ya bili inatosha. Andika mambo matatu, na mbele ya kila moja andika sababu. Ukikuta jina la mtu, usingoje Jumapili kumpigia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.