Gari la Wawili: Nani Huitwa Msafiri?

Muhula uliopita mwalimu wetu wa insha alitupa mada ya mjadala: "Wanandoa vijana waizunguke nchi kwa gari kabla ya kujenga nyumba." Upande wa kuunga mkono ulishinda bila jasho. Mwenzetu mmoja alituonyesha video kwenye simu yake. Mume na mke wa Kizungu walikuwa wanaishi ndani ya gari lenye kitanda, jiko la gesi, sinki na mapazia ya maua. Walikuwa wameamka kando ya ziwa, mke akimimina kahawa, mume akikunja hema lililokuwa juu ya gari. Darasa likapiga makofi. Mmoja akasema, "Huo ndio uhuru." Mwingine akaongeza, "Sisi Waafrika hatujui kutembea. Sisi tunajua kwenda mazishini tu." Tukacheka wote, hata mwalimu.

Mimi pia nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilikuwa na hasira, na hasira hasara. Sasa nimepoa kidogo, kwa hiyo naomba nijibu kwa maandishi.

Hoja yangu ni hii. Si kweli kwamba kwetu hakuna wanandoa walioizunguka nchi wakilala garini. Wapo, na wamekuwapo miaka mingi. Ila hatuwaiti wasafiri. Tunawaita majina mengine, na mwanamke ndiye anayepata jina baya zaidi.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba makontena kutoka Mombasa hadi Kampala, safari ya kilomita zaidi ya 1,100, na mara nyingine aliendelea hadi Kigali kupitia Masaka, Mbarara na Katuna. Alimwoa mama mwaka 1999. Hawakuwa na nyumba. Kodi ya chumba ilikuwa haijapatikana, na baba hakutaka kumwacha bibi arusi kwa wakwe ambako angekaa miezi bila kumwona. Basi akampandisha kwenye lori. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na kitanda chembamba, chenye pazia lililoshonwa kwa kitenge. Chini ya trela palikuwa na sanduku la chuma lenye sufuria mbili, jiko la mafuta ya taa, unga, chumvi na dumu la maji. Kwa karibu mwaka mzima hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yao. Utingo, kijana wa Bungoma, alikuwa akilala juu ya mzigo au chini ya trela kwa heshima ya shemeji yake.

Sasa niambieni, ndugu zangu: kuna tofauti gani kati ya nyumba hiyo na ile ya kwenye video? Kitanda kilikuwapo, jiko lilikuwapo, pazia lilikuwapo. Mama aliamka akiliona Bonde la Ufa likiwa limejaa ukungu. Aliuvuka Mto Nile pale Jinja mara nyingi kuliko mtalii yeyote, tena juu ya bwawa la zamani, kabla daraja jipya halijafunguliwa mwaka 2018. Alipiga picha pale Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta, mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini. Alizijua nyama choma za Lukaya na kuku wa Namawojjolo. Ukimuuliza leo, atakwambia ni mama gani wa Lukaya aliyekuwa akipunja na ni yupi aliyekuwa akimwongezea gonja bure.

Tofauti haikuwa ndani ya gari. Ilikuwa nje, machoni mwa watu.

Usiku mmoja walisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Taa ya kurunzi ikapita usoni mwa baba, ikatulia usoni mwa mama. Mama akaamriwa kushuka. Baba akasema, "Afande, huyu ni mke wangu." Afande akacheka na kumwambia kila dereva huwa na mke katika kila mji. Mama alisimama kando ya barabara akiwa amejifunga leso, huku wanaume watatu wakijadili bei yake kana kwamba hasikii. Baada ya tukio hilo baba alirudi nyumbani kukichukua cheti cha ndoa. Mama akakiweka katika mfuko wa nailoni pamoja na nguo zake za ndani. Kila alipoulizwa, alikitoa. Kwenye yadi moja mlinzi alikisoma mpaka mwisho, akakirudisha, na bado akakataa mama asilale ndani ya uzio. Alisema ni sheria ya kampuni. Wazazi wangu walilala kituo cha mafuta usiku huo.

Cheti hicho kipo mpaka leo. Kina mikunjo minne na doa la grisi pembeni.

Wakati wa likizo ndefu kabla ya kujiunga na chuo, nilifanya kazi katika kambi moja ya watalii kando ya ziwa, kusini magharibi mwa nchi yetu. Magari kama yale ya kwenye video yalikuja kila wiki. Niliwahudumia wanandoa wengi, walioana na wasiooana. Kwa miezi mitano sikumwona hata mmoja akiulizwa cheti. Mwanamke wa Kizungu akiteremka kutoka kwenye gari la kulala, sote tunadhani ni mke, na tunamwita "Madamu." Mwanamke wetu akiteremka kutoka kwenye lori, sote tunadhani ni malaya. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, wala si kwa wageni. Hasira yangu ni kwa sisi.

Najua pa kutafuta mzizi wa dharau hii. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuitia Uganda vitabuni, barabara kuu ya malori na miji yake kama Lyantonde imetajwa sana. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua watu wa kweli, na sisemi madereva wote walikuwa malaika. Lakini tulichukua habari ya ugonjwa tukaifanya tabia ya watu. Mwaka 2020 tukarudia kosa lile lile. Madereva walipokwama Malaba katika foleni ndefu wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, watu wa miji ya barabarani waliogopa hata kuwauzia maji. Chumvi iliyokuwa mezani mwa watu hao ilifika kwa lori.

Watakuwapo wa kunipinga, nami nawajibu mapema.

Wa kwanza atasema watalii huleta fedha. Kweli. Kuanzia Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika asiyeishi nchini alitozwa dola 800 za Kimarekani kwa kibali kimoja cha kuwatembelea masokwe wa milimani, na fedha za vibali zinasaidia hifadhi. Sijasema wafukuzwe. Mgeni njoo mwenyeji apone. Ninachosema ni kwamba gari la aina hii lina kasoro yake. Mwenye kubeba jiko, maji, chakula na kitanda hana haja na mwenyeji. Pale kambini, wanandoa wawili walikaa siku tatu. Walikuwa watu wapole na safi. Walikula walichonunua dukani Kampala. Siku ya kuondoka waliniuliza jina la kijiji kilichokuwa ng'ambo ya uzio, hatua mia mbili kutoka kitandani kwao. Kobe naye hutembea na nyumba yake mgongoni, lakini sijasikia kwamba kobe alibisha hodi kwa mtu.

Wa pili atasema ninalinganisha kazi na starehe: baba alikuwa anatafuta riziki, hao wanapumzika. Ndiyo, na hilo ndilo jambo tulilofichwa na video. Hata Marekani, ambako magari haya ni mengi, si kila anayelala garini amechagua. Kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, cha mwaka 2017, kinawaeleza wazee wengi waliopoteza nyumba na akiba baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, wakahamia kwenye magari na kuzunguka wakitafuta vibarua vya msimu. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Na Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu miji kuwaadhibu watu wanaolala nje katika maeneo ya umma, hata wasipokuwa na pengine pa kulala. Kwa hiyo kule pia kuna walio na pazia la maua wanaopigiwa makofi, na kuna wanaogongewa kioo na polisi. Tukiiga, tujue tunaiga kipi.

Wa tatu, pengine mwalimu wangu, atauliza: haya yanahusu nini Kiswahili? Yanahusu sana. Mama aliingia kwenye lori akijua lugha ya kwao tu. Alishuka akijua Kiswahili, kwa sababu alilazimika: kununua mkaa Eldoret, kuomba choo Mariakani, kubishana na karani wa forodha Malaba. Ndiye aliyenifundisha mimi. Nilipoingia darasani, wenzangu waliniambia hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi, maneno tunayoyasikia sana hapa Uganda. Julai 2022 Baraza letu la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, nasi tukafanya sherehe. Katika sherehe hiyo walizungumza wasomi na waheshimiwa. Sikusikia dereva hata mmoja akishukuriwa, wala mwanamke hata mmoja wa kwenye lori. Lakini muda mrefu kabla ya azimio lolote, hao ndio waliokuwa wakiivusha lugha hii Malaba kila siku, bila kibali na bila ushuru.

Basi nataka nini? Nataka mambo matatu, na hakuna hata moja lililo gumu. Kwanza, miji ya barabarani iwe na maegesho yenye vyoo na bafu, likiwamo bafu la wanawake, kwa sababu wanawake wapo barabarani, tukikubali au tukikataa. Pili, polisi na walinzi waache kumdai mke wa dereva cheti ambacho hawamdai mke wa mtalii. Tatu, ninyi wenzangu mnaotaka kuoa au kuolewa na kuizunguka nchi, izungukeni! Tembea uone, waliosema hivyo hawakukosea. Lakini nendeni na sufuria tupu. Nunueni chakula kwa mama wa kando ya barabara, ombeni maji, ulizeni jina la kijiji kabla ya kulala, wala si wakati wa kuondoka.

Juzi nilimsomea mama insha hii kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimeandika kwamba walifurahi. Nikamwambia nimeandika kuhusu polisi na mlinzi. Akasema, "Andika pia kwamba tulifurahi. Baba yako alikuwa akiimba kuanzia Mtito Andei mpaka Nairobi, na sauti yake ni mbaya."

Nimeandika, Mama.