Kenya yadai turathi zilizo ughaibuni, je, zilizo Nairobi ziko wazi kwa umma?

KWA mkazi wa Nairobi, neno 'Archives' ni jina la mahali pa kukutania. Maelfu ya watu hupatana kila siku mbele ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, kati ya barabara za Moi Avenue na Tom Mboya, kisha wakaondoka kwenda kuabiri matatu pasipo kuvuka kizingiti chake.

Ilhali nyuma ya milango hiyo, katika jengo lililokuwa benki enzi za ukoloni, mna vinyago, mapambo, silaha, vyungu na nguo kutoka pembe nyingi za Afrika. Ni sehemu ya mkusanyiko wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya kwa miezi michache mwaka wa 1966 kabla ya kujiuzulu.

Murumbi, aliyezaliwa na baba Mgoa na mama Mmaasai, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kununua kazi za sanaa na vitabu ili visiishie mikononi mwa wageni. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali hazina hiyo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba nyumba ingegeuzwa kituo cha utafiti kilicho wazi kwa Waafrika wote.

Kituo hicho hakikujengwa. Nyumba iliachwa ikaoza na hatimaye ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka wa 1990, akazikwa City Park, Parklands, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka wa 1965.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa wakati huu ambapo Kenya inaungana na mataifa mengine ya Afrika kudai turathi zilizochukuliwa na wakoloni. Madai ni ya haki. Hata hivyo, yanazua swali ambalo halipendezi kujibiwa: vitu ambavyo tayari vimo humu nchini, hasa jijini Nairobi, vinamfikia mwananchi kwa kiasi gani?

Mifano ya madai ni mingi. Ngoma ya Ngadji, ambayo kwa Wapokomo wa bonde la Mto Tana ilikuwa ishara ya mamlaka na ibada, ilitwaliwa na maafisa wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa zaidi ya miaka 100 imelala katika ghala la British Museum jijini London.

Vigango, yaani nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimikia wazee wao waliofariki, viling'olewa na kuuzwa kwa watalii na wakusanyaji wa Marekani. Baadhi vimerejea, vikiwemo 37 kutoka makumbusho ya jimbo la Illinois.

Aidha, mradi wa kimataifa uliolishirikisha Shirika la Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, taasisi ya Goethe, wasanii wa Nairobi na majumba mawili ya makumbusho ya Ujerumani uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 ng'ambo. Matokeo yake yalionyeshwa Nairobi mwaka wa 2021, na kwa mara ya kwanza Mkenya akapata kujua kwa kiasi fulani mali yake imetawanyika wapi.

Orodha hiyo ndiyo iliyolipa dai la Kenya uzito. Huwezi kudai usichokijua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na methali hiyo inahusu maghala ya Nairobi sawa na inavyohusu yale ya Ulaya.

Kituo kikuu cha hazina ya Kenya ni Jumba la Makumbusho la Kitaifa la Nairobi, lililo juu ya kilima kinachoitwa Museum Hill, pale jiji linapoishia na mtaa wa Westlands kuanza. Asili yake ni chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilichoundwa na walowezi mwaka wa 1909. Mwaka uliofuata kilifungua makumbusho madogo mahali ambapo leo pamesimama Nyayo House.

Jengo la sasa lilifunguliwa Septemba 1930 likiitwa Coryndon, kwa heshima ya aliyekuwa gavana wa Kenya. Ni enzi ileile ambayo maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 katikati ya jiji, iliwahudumia Wazungu pekee hadi mwaka wa 1958. Kwa hivyo, suala la nani aingie na nani abaki nje lilizaliwa pamoja na taasisi hizi.

Baada ya uhuru jina la Coryndon lilifutwa. Mwaka wa 2005 jumba lilifungwa kwa ukarabati uliofadhiliwa na Muungano wa Ulaya, likafunguliwa tena mwaka wa 2008 likiwa na kumbi mpya za historia, wanyama, tamaduni na asili ya binadamu.

Anayezuru leo hukaribishwa uani na sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na kufa mwaka wa 1974. Ndani atakuta michoro ya watu wa makabila ya Kenya iliyochorwa na Joy Adamson, ndege wa aina nyingi waliokaushwa, na mabaki ya mvulana wa Turkana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, yaliyogunduliwa mwaka wa 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu huko Nariokotome.

Lakini yanayoonekana katika kumbi ni sehemu ndogo tu. Nyuma yake kuna maghala na maabara. Hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani, Tanganyika, mwaka wa 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1950, ina zaidi ya sampuli milioni moja. Kuna pia maelfu ya ndege na wadudu, visukuku, zana za mawe na vyombo vya jamii mbalimbali vilivyokusanywa tangu zama za ukoloni.

Kila kimoja hutambuliwa kwa namba. Mvulana wa Turkana, kwa mfano, ni KNM-WT 15000: herufi tatu za kwanza ni za Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, mbili zinazofuata ni za Turkana Magharibi, na tarakimu ni nafasi yake katika daftari. Kisicho na namba hakina historia, na kikipotea hakuna atakayejua kimepotea.

Kuwepo kwa maghala si kosa. Majumba ya makumbusho kote duniani huonyesha kiasi kidogo cha walicho nacho. British Museum yenyewe ina takriban vitu milioni nane, na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000 tu, sawa na asilimia moja. Mwanga, joto, unyevu, wadudu na mikono ya watu huharibu, na mfupa wa miaka milioni moja hauwezi kushikwashikwa na kila mpita njia.

Isitoshe, ghala ni maktaba ya wanasayansi. Mmea uliokaushwa miaka 80 iliyopita huweza kumweleza mtafiti jinsi msitu ulivyobadilika. Anayetaka kuuona huomba kwa maandishi, hueleza madhumuni yake, kisha huruhusiwa chini ya usimamizi. Utaratibu huo ni wa lazima.

Tatizo ni kwamba utaratibu huo unajulikana zaidi na profesa wa ng'ambo kuliko mzee wa kijiji ambako kitu chenyewe kilitoka. Profesa ana barua, ruzuku na tikiti ya ndege. Mzee hana habari kwamba kigoda cha babu yake kimo Nairobi, wala hajui aulize kwa nani.

Kwa mwananchi wa kawaida, kuna vizuizi vingine vitatu vilivyo karibu zaidi.

Cha kwanza ni gharama. Kwa miaka mingi ada ya kuingia katika jumba la Nairobi imekuwa Sh200 kwa Mkenya mzima na Sh100 kwa mtoto. Si nyingi zikilinganishwa na anazotozwa mgeni. Lakini mama wa Kawangware anayetaka kuwapeleka wanawe watatu atahitaji Sh500 mlangoni, mbali na nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana. Kwa anayeishi kwa kibarua, hiyo ni sehemu kubwa ya pato la siku nzima.

Matokeo yake ni kwamba watoto wengi huliona jumba hilo mara moja maishani, wakiwa ndani ya basi la shule, iwapo mzazi alimudu kulipia safari. Tangu serikali ilipoagiza mwaka wa 2023 kwamba huduma zake zilipiwe kupitia eCitizen, asiye na simu yenye pesa hana budi kumtafuta wa kumsaidia.

Kizuizi cha pili ni lugha. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha saba, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 11 kinatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Walakini, maelezo mengi yaliyobandikwa kando ya vitu yameandikwa kwa Kiingereza. Mkulima anayekitambua chombo kilicho mbele yake kuliko aliyeandika maelezo hawezi kuyasoma wala kuyasahihisha.

Cha tatu ni saa na mahali. Jumba la Museum Hill hufunguliwa hata wikendi na sikukuu, jambo la kupongezwa. Hifadhi ya Nyaraka, kwa upande wake, hufuata kwa kiasi kikubwa saa za ofisi za serikali, wakati ambapo wengi wa wanaopita mlangoni pake wako kazini au wanaitafuta kazi.

Mita chache kutoka Nyayo House, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka wa 1913 sasa ni Nairobi Gallery, na humo mna sehemu nyingine ya mkusanyiko wa Murumbi. Nje yake ndipo panaposemekana kuwa kitovu ambapo umbali wa barabara zote nchini huanza kupimwa. Wanaopita hapo kwa magari kila asubuhi ni wengi kuliko wanaojua kwamba wanaweza kuingia.

Ukielekea magharibi, katika mtaa wa Karen, kuna nyumba ya mwandishi Karen Blixen aliyeishi Kenya kati ya 1914 na 1931. Denmark iliitoa zawadi kwa Kenya wakati wa uhuru, na ikawa makumbusho mwaka wa 1986, baada ya filamu iliyotokana na kitabu chake kuvuma. Baadhi ya vifaa vilivyomo vilitumiwa katika filamu hiyo.

Makumbusho hayo hupendwa na watalii, na si vibaya. Ila yanaonyesha kwamba kufikiwa na umma si suala la mlango peke yake. Mkenya anayeingia humo ana haki ya kukuta pia habari za vibarua wa shamba lile la kahawa na familia zilizoishi kwenye ardhi hiyo, zikielezwa kwa kina sawa na habari za mwenye nyumba.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi, na kwamba shirika hutegemea ada hizo pamoja na mgao wa serikali. Ni kweli. Uingereza ilipofuta ada katika makumbusho yake ya kitaifa mwaka wa 2001, hazina ya serikali ndiyo iliyobeba mzigo. Kenya, yenye madeni na shule zisizo na madarasa, haiwezi kuiga hatua hiyo kwa usiku mmoja.

Lakini yapo yanayowezekana kwa gharama ndogo. Siku moja ya kila mwezi ingetengwa kwa ajili ya Wakenya kuingia bila malipo, badala ya kungojea hafla kama Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, Mei 18. Maelezo ya Kiswahili yangeongezwa ukumbi baada ya ukumbi. Maonyesho madogo, yenye nakala badala ya vitu halisi, yangepelekwa katika kumbi za kijamii za Kangemi, Kawangware na Dagoretti.

La muhimu kuliko yote ni daftari. Tayari kuna hatua zilizopigwa: mwaka wa 2019 shirika lilishirikiana na Google kuweka mtandaoni picha na masimulizi ya jamii za Kenya. Kinachobaki ni kuorodhesha kila kitu kilichomo ghalani, kilikotoka, lini na kwa njia gani, na kuiweka orodha hiyo mbele ya umma.

Hatari ya kutofanya hivyo ilidhihirika London mwezi Agosti 2023, British Museum ilipokiri kwamba takriban vitu 2,000 vilikuwa vimeibwa, vimepotea au kuharibiwa. Vingi havikuwa vimeorodheshwa ipasavyo. Miezi miwili baadaye taasisi hiyo ilitangaza mpango wa kuweka mkusanyiko wake wote mtandaoni. Ikiwa taasisi tajiri kiasi hicho iliibiwa gizani, zilizo na walinzi na makarani wachache zina sababu ya kuwasha taa mapema.

Orodha ya wazi ingeleta faida nyingine. Wazee wa Wapokomo, Waturkana au Wakamba wangeweza kusema hiki kinaitwaje, kilitumiwa lini, na kama kinastahili kuonekana na kila mtu. Maana kuna vitu vitakatifu ambavyo wenyewe wangependa visitazamwe, na uamuzi huo ni wao.

Kadhalika, Kenya ingezungumza na London na Berlin ikiwa na hoja nzito zaidi. Kisingizio cha zamani cha makumbusho ya Ulaya ni kwamba Afrika haina uwezo wa kutunza na kuonyesha. Jibu lenye nguvu ni ghala lenye daftari safi na ukumbi uliojaa wananchi.

Ngadji ikirudi siku moja, haitakuwa na faida kwa Mpokomo iwapo itatolewa katika ghala la London na kuingizwa katika ghala la Nairobi. Murumbi alilijua jambo hilo nusu karne iliyopita alipotaka nyumba yake iwe wazi. Vitu vyake vingali pale Moi Avenue, hatua chache kutoka kwa umati unaosubiri matatu.