Python na C++ Hazina Ugomvi

Vijana wa Arusha wanaojifunza kuandika programu huambiwa wachague: ama Python, ama C++. Ushauri huo unawapotosha, na hoja zinazoubeba hazisimami.

Hoja ya kwanza ni kwamba Python ni nzito, haiwezi kazi kubwa. Tutazame Taasisi ya Nelson Mandela, pale Tengeru, chini ya Mlima Meru. Dina Machuve, Neema Mduma na wenzao walikusanya picha za vinyesi vya kuku kutoka mashamba ya Arusha na Kilimanjaro, wakafunza modeli zitambue kideri, salmonela na koksidiosisi. Kazi za namna hii kwa kawaida huandikwa kwa Python, lakini hesabu hazipigwi na Python. Maktaba ya TensorFlow inayozipiga, iliyotolewa na Google mwaka 2015, kiini chake ni C++. Maktaba ya hesabu ya NumPy imejengwa kwa C. Hata CPython, inayoendesha skripti zenyewe, ni programu ya C.

Ya pili: kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kunakula muda. Hii ina ukweli, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Picha ya pikseli 224 kwa 224 yenye rangi tatu ina namba 150,528. Ukiita fanksheni ya C kwa kila namba, Python italazimika mara 150,528 kukagua aina ya namba, kuikabidhi, kisha kufunga upya jibu linalorudi. Ni sawa na kuvusha mahindi Namanga debe kwa debe, kila debe na hati zake. Ukikabidhi safu nzima kwa mkupuo, unavuka mara moja tu. Tatizo ni mahali ulipoweka mpaka.

Basi tuandike yote kwa C++? Mtafiti anayebadili modeli yake kutwa nzima angekompaili upya kila badiliko. Mwacheni na skripti yake.

Wengine husema mchanganyiko huu huanguka ovyo. Huanguka pale ambapo hakuna aliyeamua nani anamiliki kumbukumbu. CPython huhesabu marejeo ya kila kitu; hesabu ikifika sifuri, kitu hufutwa. C++ ikishikilia anwani yake bila kuongeza hesabu, itasoma mahali palipokwisha kufutwa, na programu inaweza kufa bila ujumbe wowote unaoeleweka. Maktaba ya pybind11, inayounganisha C++ na Python, hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila mwandishi bado anapaswa kujua, kwa kila anwani inayovuka, ni upande gani utakaoifuta.