Maji Yalipozidi Unga Nakuru

Mtu wa pwani akifikishwa ukingoni mwa Ziwa Nakuru huenda akadhani ameona mikoko, kwa jinsi miti ilivyosimama ndani ya maji. Akisogea ataona tofauti. Mikoko ni hai. Hii imekufa wima, mieupe kama mifupa, haina jani hata moja.

Hiyo ilikuwa migunga, wala si ile ya nyikani iliyozoea ukame. Mgunga huu una gome laini la manjano yenye ukijani, kama lililopakwa unga, na makao yake ni kandokando ya maziwa, mito na vinamasi. Wazungu wa zamani waliolala chini yake wakashikwa na homa, wakauita mti wa homa. Kumbe mkosa alikuwa mbu aliyezaliana katika vidimbwi vya hapo hapo. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mti ukatoka hatiani, lakini jina likabaki.

Mti huo uliosingiziwa kuua umeuawa na kile kile unachokipenda. Ziwa Nakuru halina mto wa kulitoa maji. Yanayoletwa na mito kama Njoro, Makalia na Nderit huondolewa na jua tu. Mwaka 2010 ziwa lilikuwa na kiasi cha kilomita 40 za mraba. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limepita 60. Mizizi ya mgunga yataka kunywa, lakini yataka pia kupumua. Msitu ukazama, lango kuu la hifadhi likahamishwa, na watu wa Mwariki wakaziacha nyumba zao. Heroe nao, waliolipatia ziwa sifa duniani, wengi wakahama, kwa kuwa magadi yalizimuliwa na chakula chao kikapungua.

Wapo wasemao kuwa hiyo ni kazi ya Mola, haina la kuzungumzwa. Ni kweli kwamba mvua ni yake, na ripoti ya serikali ya mwaka 2021 iliitaja mvua nyingi kuwa sababu kubwa. Lakini ripoti hiyo hiyo ilitaja pia mikono ya watu. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau ya Mashariki, iliko asili ya mito hiyo, ziliondolewa katika hifadhi. Msitu hunywa mvua kisha ukaitoa kidogo kidogo. Shamba tupu huiachilia yote kwa siku moja, pamoja na udongo.

Nasi wa pwani tusiseme hayo ni ya bara. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, tope lililotoka juu liliifunika mizizi ya mikoko ya Mwache, karibu na Mombasa, na sehemu kubwa ikafa. Mgunga na mkoko ni ndugu kwa msiba, ingawa si kwa ukoo. Kila mmoja huishi kwa maji, na kila mmoja hufa maji yanapopita kiasi.

Kurani yatufundisha kwamba maji huteremshwa kwa kipimo. Basi si haki mwanadamu aharibu mizani kisha ailaumu mvua. Lipo la kufanywa. Msitu wa Mau urudishwe, na kingo za Mto Njoro ziachwe na miti yake. Tena maji yatakapopungua, ufuo usigawiwe viwanja, kwa maana mbegu ya mgunga huota vyema katika tope tupu lililoachwa na maji. Wakati huo mti hautaomba ila nafasi.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba apandaye mti, kila atakayekula humo, awe mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Nasi twaona kwamba mwenye kuuachia mti mahali pa kuota hayuko mbali na fungu hilo.